Wasomaji Wetu Wenye Huruma

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na ndoo imerudi mezani. Ofisi yetu iko ghorofa ya juu kabisa, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Huko chini wanauza mabati mchana kutwa, na huku juu paa letu linavuja. Linavujia wapi? Juu ya meza yangu. Nimesogeza kompyuta, nimeweka ndoo, nimeanza kazi.

Kazi yangu ni kuandika hadithi. Shirika letu linawapeleka hospitali wanawake wenye fistula, ule ugonjwa wa kuvuja mkojo baada ya uzazi mgumu. Mimi nawahoji, naandika, na kila mwezi nawatumia barua pepe watu wote walioko kwenye orodha yetu. Barua inaanza hivi: “Mpendwa msomaji wetu mwenye huruma.” Mwisho kuna kitufe chekundu kilichoandikwa CHANGIA. Nikishatuma, naikata hadithi vipande vipande na kuviweka kwenye kurasa zetu za mtandaoni, kimoja asubuhi, kingine jioni, watu wakiwa wamechoka na mioyo imelainika.

Mkurugenzi ameniita baada ya chai. Amegeuza skrini yake nione. Barua ya mwezi uliopita, wengi hawakuifungua kabisa.

“Mwanangu,” amesema, kwa sauti yake ya kumbembeleza mtoto anyonye, “watu wamekuzoea.”

Ndiyo maana nimeanza kuandika humu. Nahitaji mahali pa kuandikia ambapo hapana kitufe.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mtandao hakuna. Nimekata kucha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemhoji mgonjwa aliyeruhusiwa jana. Mwanamke mkubwa wa mwili, mkulima, amekaa kwenye benchi la hospitali na mfuko wake magotini.

“Ulipokuwa unaumwa ulijisikiaje?”

“Vibaya.”

“Vibaya namna gani, mama yangu? Nieleze.”

“Vibaya tu.”

“Na sasa umepona, unajisikiaje?”

“Vizuri.” Akatazama dirishani. “Hii mvua inanipita. Shamba halijapandwa.”

Nikamuuliza kama mumewe alimkimbia. Akasema hapana, ndiye anayekuja kumchukua. Nikamuuliza kama majirani walimtenga. Akasema majirani zake ni watu wema. Kamera, mpiga picha wetu, akafunga lenzi yake taratibu kama mtu anayemfunika maiti.

Kweli, kuna watu wanapona bila adabu.

Jumanne, 11 Machi

Mkurugenzi ana mpwa wake aliyemaliza chuo. Amemleta leo “aione ofisi.” Binti ameiona ofisi, ameiona ndoo, kisha akasimama nyuma ya kiti changu na kukitazama kama mtu anayepima gauni la kununua. “Anaandika vizuri sana huyu,” Mkurugenzi akasema. Hakuwa ananisema mimi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda kwa Dada.

Dada ni fundi cherehani. Anashona sare za shule pale sebuleni kwake, kati ya kabati la vyombo na kochi la Shemeji. Shemeji ni dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani, na zile siku tatu Dada hagusi kazi ya mteja yeyote. Walioana mwaka juzi. Leo Shemeji alikuwepo. Alisimulia jinsi utingo wake alivyolala na kuamka akiwa amekumbatia tairi la akiba, Dada akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Dada.

Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Na kabla ya Shemeji aliwahi kuolewa. Mtoto alikwama siku nyingi tumboni, akatoka amekufa, na Dada akabaki anavuja. Yule mume wa kwanza hakumaliza hata mwezi. Shangazi akatupa chumba cha uani, mimi na yeye. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nalala naye kitanda kimoja juu ya nailoni. Asubuhi naenda shule nimejipaka mafuta ya nazi shingoni na mikononi ili wasisikie harufu. Dada alilikata gauni lake la harusi vipande, akashona vitambaa vya kujifungia. Gauni lilipokwisha, akapata hospitali ya kumtibu, mbali, akapona.

Shangazi amekufa. Tumebaki wawili tunaojua. Siku Shemeji alipokuja kuposa, Dada alinishika mkono jikoni akaniambia: “Ile nimeifukia, Chiriku. Usinifukulie.” Chiriku ni mimi. Nilikuwa naongea sana utotoni.

Leo, yeye anacheka, mimi sentensi zinajipanga kichwani zenyewe. Sikuzialika.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeandika. Sijawahi kuandika vile. Sikuinuka hata kumwaga ndoo, ikafurika mpaka viatuni. Nimemwita Ua. Nimebadilisha mahali, nimemfanya ana kaka badala ya mdogo wa kike, shangazi nimemfanya bibi. Gauni la harusi nimeliacha lilivyo. Bila gauni hakuna barua.

Hakuna atakayejua. Wanawake wa namna hii wako wengi, ndiyo maana tuna ofisi.

Alhamisi, 20 Machi

Wamefungua.

Mkurugenzi ametoka chumbani kwake na kompyuta mkononi, skrini wazi, kama mwanamke aliyebeba keki. Watu wamefungua, wamesoma mpaka mwisho, wamebonyeza, wamewatumia wenzao. Mmoja ameandika kwamba amelia kwenye foleni ya benki. Mwingine ameomba anwani ya Ua ampelekee gauni jipya. Mkurugenzi amenikumbatia mbele ya wote. Mpwa wake hakuja leo.

Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani, mvua ikininyeshea, nilijisikia mtu.

Jumatano, 26 Machi

“Wanamtaka,” Mkurugenzi amesema.

“Wanamtaka nani?”

“Ua. Wanauliza kwenye ukurasa: yuko wapi, anafananaje. Wengine wameanza kusema tumemtunga.”

Nikamwambia Ua hataki kuonekana. Akanitazama kwa upole mwingi. Nimeanza kuuogopa upole wake, maana ukija huwa hauji mikono mitupu.

“Mikono basi,” amesema. “Si alikuwa anashona? Mpige picha ya mikono tu, ikiwa kwenye cherehani. Mikono haina jina, mwanangu.”

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia Dada ni kwa ajili ya ukurasa wa mafundi wanawake.

“Nitaonekana sura?”

“Mikono tu.”

“Hata hii yenye kovu la sindano?”

“Hasa hiyo. Ndiyo inayoonyesha ufundi.”

Akafurahi. Akaenda kunawa, akajipaka mafuta mpaka viwiko. Akaondoa mikasi na vipande vya vitambaa mezani, akafungua kabati akatoa kitambaa cheupe cha meza chenye majani ya kijani pembezoni, akakitandika chini ya cherehani. “Nisije nikakuaibisha kwa wenzako,” akasema. Nilipiga nyingi. Nzuri zaidi ni ile anayotunga uzi, kidole kimeinuka kidogo.

Aliponisindikiza mpaka barabarani alinikinga kwa mwavuli wake, yeye bega moja likilowa. Anajivunia mdogo wake. Amemwambia muuza mkaa kwamba naandika vitu vinavyosomwa nje.

Jumanne, 1 Aprili

Picha imewekwa, hadithi chini yake. Inasambaa yenyewe, haihitaji msaada wangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Bado inasambaa.

Jumatano, 9 Aprili

Dada alipiga simu mchana. Aliongea polepole, kama anayesoma maandishi madogo.

“Mama mkwe amekuja.”

Nikasema, “Hajambo?”

“Amekuja na simu yake.”

Mama mkwe wake ni mkunga mstaafu. Sikuwahi kulifikiria hilo, na sasa nalifikiria tu. Mkunga mstaafu, mjane, ana simu aliyonunuliwa na mwanawe, hana cha kufanya mchana. Huyo hasa ndiye mtu anayejiandikisha kwenye orodha yetu. Anazifungua barua zangu zote. Ameshawahi hata kunijibu, asante sana mwanangu kwa kazi njema, bila kujua mwandishi ni mimi, maana yeye ananijua kwa jina la Chiriku tu, wala mimi kujua ni yeye.

Amefika leo amelowa. Dada akamvua koti, akampa kiti, akawasha maji ya chai. Mama mkwe hakukaa. Aliiweka simu mezani, picha ikiwa wazi, karibu na cherehani. Akafungua kabati mwenyewe. Akakitoa kile kitambaa cheupe, akakikunjua kando ya simu, akalinganisha jani kwa jani. Amekidarizi yeye kwa mkono wake, zawadi ya harusi. Pembe moja alikosea jani likawa la buluu, na kwenye picha jani la buluu lipo.

“Hiki si kitambaa changu?” akauliza.

Dada akasema ndicho.

“Basi wewe ndiye Ua.”

Dada alikuwa hajui Ua ni nani. Akaichukua simu, akasoma amesimama, kuanzia “Mpendwa msomaji wetu mwenye huruma” mpaka kwenye kitufe. Maji ya chai yakachemka mpaka yakakauka.

“Ungekataa,” nikamwambia kwenye simu. “Ungesema kitambaa ulimwazima mtu.”

“Ningekataa vipi?” akasema. “Umeandika vizuri mno. Mle ndani kuna maneno niliyokwambia nikilia, nikadhani hata mimi nimeyasahau. Wewe uliyahifadhi.”

Nikaanza kumweleza habari za shirika, kwamba kwa hadithi yake wanawake wengine watatibiwa. Na ni kweli, watatibiwa, nimewaona kwenye orodha ya wanaosubiri. Akaniacha nikaongea mpaka nikaishiwa. Halafu akasema Shemeji anarudi Jumamosi, na akakata.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda. Nilidhani nitaeleza.

Shemeji alikuwa uani, anakagua tairi za lori kwenye mvua, tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Hakunikaribisha ndani.

“Shemeji, ugonjwa ulishapona zamani,” nikamwambia. “Ni mzima kabisa.”

“Najua ni mzima. Nalala naye.”

“Basi tatizo ni nini?”

Akasimama wima. Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni na hakujifuta.

“Angeniambia mwenyewe, ningemwambia pole, tungelala. Nimezaliwa na mkunga mimi, unadhani sijui mambo ya wanawake? Lakini hakuniambia. Nimeyasoma kwenye simu ya mama yangu. Utingo wangu ameyasoma. Jana kwenye mizani kijana mmoja ameniuliza, bosi, ile mikono si ya shemeji yetu? Anacheka. Dunia nzima imemvua nguo mke wangu, mimi nikawa wa mwisho kuambiwa.”

“Nilibadilisha jina.”

“Ndiyo,” akasema. “Jina ulibadilisha.”

Kisha akaniambia bila kupandisha sauti kwamba anaondoka na mzigo Jumatatu, na akirudi hataki kumkuta. Nikajaribu kumshika mkono. Akautoa mkono wangu kwenye wake kwa vidole viwili, kama anayetoa kiwavi.

Nyumbani nimekaa nikiwaza: mwanamume anayemwacha mke kwa sababu ya barua pepe hakuwa mume. Nimeliandika hilo ili nilione. Sasa naliona.

Jumatatu, 14 Aprili

Dada amehamia kwangu. Cherehani, sanduku moja, ndoo ya nguo. Kitambaa cha majani amekiacha. Nimempa kitanda, nimetandika mkeka. Hajasema neno.

Alhamisi, 17 Aprili

Bado hajasema neno. Anapika, ananipakulia, nyama kubwa ananiwekea mimi kama zamani. Nakula. Ingekuwa afadhali angenitemea mate sahanini.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo amesema. Tumekaa mezani asubuhi, akaomba simu yangu, akafungua ukurasa wetu, akaanza kusoma komenti kwa sauti, kama msomaji wa taarifa ya habari.

“Huyu anasema: maskini, ningekuwa mimi ningejinyonga. Huyu anasema: harufu yake naisikia mpaka huku, na kaweka kikaragosi cha kucheka. Huyu ananiombea. Huyu anauliza kama bado nina soko. Huyu ameandika: mikono yake mizuri, angalau.”

“Dada, acha.”

“Kwa nini niache? Wameandikiwa wasome, wamesoma. Na mimi wameniandikia, nasoma.” Akashuka chini zaidi kwa kidole kile chenye kovu. “Hivi kwa nini uliniita Ua?”

“Ni jina zuri. Ua, kama la bustanini.”

“Mimi nilisoma kama amri,” akasema. Akanirudishia simu, akaenda kuosha vyombo.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefanya kosa la kumwambia Mkurugenzi. Nilitaka anisaidie kuiondoa hadithi. Nikamwambia kila kitu: Ua ni dada yangu, ameachika kwa sababu yetu, yuko kwangu analala kitandani kwangu.

Alishika tama. Macho yakamlengalenga, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo nampa.

Halafu akasema, “Kwa hiyo yuko karibu.”

Jumatatu, 28 Aprili

Lazima niandike leo yote.

Dada amekuja ofisini. Mkurugenzi alimtumia gari. Nilimwomba asubuhi asije, nikamwambia watakutumia. Alikuwa anajifunga kilemba kwenye kioo changu. “Na wewe ulikuwa unanifanyia nini?” akauliza, kwa sauti ya kutaka kujua tu.

Mkurugenzi alimpokea mlangoni kwa mikono yote miwili. Pole, mwanangu, pole sana, shirika hili ni nyumbani kwako. Akampa chai kwenye kikombe cha wageni. Akamweleza kwamba wasomaji wanampenda, wana uchungu, wanataka kumsikia mwenyewe, kwa sauti yake, na kwamba hakuna anayemlazimisha.

“Nikikataa, mtaiondoa ile ya kwanza?” Dada akauliza.

“Ya kwanza imeshatoka mikononi mwetu, mwanangu. Imeshashewa. Hata tukiitoa sisi, iko kwa watu.”

Dada akanywa chai yake yote. Akaweka kikombe.

“Sawa. Nina sharti moja. Taa aishike huyu mdogo wangu.”

Kamera kwa kawaida anasimika taa kwenye kigoda chake. Leo niliishika mimi, nimeiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, mwanga unamwangukia Dada usoni. Nilidhani atalia, nikawaza, akilia nitaiangusha makusudi ivunjike. Hakulia. Aliitazama lenzi kama anavyomtazama mteja anayepunguziwa suruali.

“Mimi ndiye Ua,” akasema. “Hiyo hadithi mliyoisoma ni yangu, na ni ya kweli, isipokuwa mahali pamoja. Ameandika nina kaka. Sina kaka. Nina mdogo wa kike. Mama yetu alipokufa, huyu mtoto alikuwa hawezi kufunga vifungo vya sare yake. Nikaacha shule nikamfungia mimi. Nilipougua, nililala naye kitanda kimoja. Nilikuwa nikiamka usiku nimelowa, na yeye amelowa mkojo wangu, namwosha yeye kwanza, ndipo najiosha mimi, ili asije akachekwa darasani. Nilimsomesha kwa kushona. Alijifunza kuandika. Akaandika hii.”

Taa ilikuwa imeanza kunielemea, mwanga ukateleza mpaka shingoni mwake.

“Shika vizuri,” akaniambia, bila kugeuka. Akaendelea. “Mume wangu wa kwanza aliniacha kwa sababu ya ugonjwa. Huyu wa pili ameniacha kwa sababu ya mdogo wangu. Ugonjwa niliupatia daktari. Huyu sijui nimpeleke wapi. Nimemaliza.”

Tone likaanguka ndooni. Kamera akazima mashine yake na hakunitazama. Nilikuwa bado nimeinua taa.

Mkurugenzi akafuta macho.

“Usikate hata neno,” akamwambia Kamera.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwomba Mkurugenzi kwa magoti video ya Dada isitumwe. Si kwa mfano, magoti yaligusa sakafu na sakafu ilikuwa na maji. Akaniinua. Akasema nilichotendewa kinaumiza, anaelewa, lakini tulichokuwa tunakitafuta siku zote si ukweli? Huu hapa. Na watu wanapenda ukweli ukija na sura.

“Basi mpe mpwa wako aitume.”

“Hapana, mwanangu. Barua zinatoka kwa jina lako. Wasomaji wamekuzoea wewe.”

Jumanne, 6 Mei

Nimeituma. Kabla ya kutuma, mtambo unauliza: una uhakika? Unauliza kila mara, sijawahi kuusoma. Leo nimeusoma, nikabonyeza ndiyo.

Ijumaa, 9 Mei

Haijawahi kutokea, Mkurugenzi anasema. Wale walioisoma hadithi ya kwanza ya Ua, zidisha mara nyingi. Watu wanaandika kutoka mahali nisipopajua. Wananiita nyoka. Wananiita kupe, mchawi, mwanga anayewanga mchana kweupe. Mmoja ameeleza kwa utaratibu kabisa vidole vyangu vinavyofaa kukatwa, na kianze kipi. Mama mkwe naye ameandika, mstari mmoja: “Nilikusifia bure.”

Mkurugenzi ameagiza kila ujumbe ujibiwe, kwa heshima, na mimi. Shirika halikai kimya. Amenitungia na mfano. “Asante kwa ujumbe wako. Maumivu yako tumeyapokea. Unaweza kuendelea kuwa pamoja nasi kwa kubonyeza hapa.”

Wengi wanabonyeza. Hilo ndilo sikulitegemea. Wananitukana, kisha wanachanga.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua inapungua. Nimejibu mchana kutwa.

Jumanne, 20 Mei

Dada amehama. Amepanga chumba chake, kina dirisha kubwa upande wa barabara, cherehani inapata mwanga. Niliporudi kutoka kazini nilikuta mkeka wangu umekunjwa vizuri, kitanda kimetandikwa, na sufuria ya chakula imefunikwa kwa sahani. Nilikula nimesimama. Zamani nilidhani Dada ni mtu laini, mtu wa kuvumilia. Nilikuwa namhurumia. Nimeishi naye miaka yote na nilikuwa simjui, namjua Ua.

Jumatatu, 26 Mei

Ameajiriwa. Mkurugenzi ametangaza kwenye kikao: balozi wetu, atakayekuwa anazungumza na wasomaji moja kwa moja. Kila mtu alipiga makofi, na mimi nilipiga. Amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, kola imekaa kama imezaliwa naye.

Meza yake imewekwa mbele ya yangu, mahali pasipovuja. Kwa kuwa hana mazoea ya kuchapa, atakuwa anatamka, mimi naandika.

Alimsalimia kila mtu ofisini kwa kumshika mkono. Kamera alimwita kaka. Mpwa wa Mkurugenzi, ambaye sasa anakuja kila siku, alimwita binti yangu. Alipofika kwangu akavuta kiti, akakaa.

“Andika,” akasema.

Jumatano, 28 Mei

Ninaandika. Wiki hii ni kuhusu wanawake walio kwenye orodha ya kusubiri. Anatamka vizuri kuliko nilivyowahi kuandika, sentensi fupi, hakuna pambo. Ametamka pia mambo yangu, yale ya chumba cha uani, mafuta ya nazi shingoni, jinsi nilivyokuwa nasema kwa wenzangu darasani kwamba sina dada. Sikujua kwamba alijua hilo. Nilisimamisha vidole.

“Umechoka?” akauliza.

“Hapana.”

“Basi andika. Sikuwahi kukwambia, lakini nilisikia. Mwalimu wako alikuja kupima sketi, akanieleza.”

Nikaandika. Alikosea neno moja, nikamsahihishia. Akanishukuru.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Fundi amekuja kuziba paa sasa, mvua imekwisha.

Leo tumebaki wawili, wenzetu wameshuka kula. Barua ya mwezi ilikuwa tayari. Dada alikuwa anaisoma kwenye skrini yangu, ameinama kando ya bega langu, nasikia sabuni ya nguo zake. Hajawahi kuwa karibu hivyo tangu ahame. Nikaona nisipoisema sasa sitaisema.

“Dada,” nikasema. “Nisamehe.”

Hakusogea. Nilisikia anavyopumua. Nilisubiri mkono wake, popote pale, begani, kichwani, hata kofi lingenitosha.

“Irudie,” akasema.

“Nisamehe, Dada. Sina neno lingine. Nisamehe.”

Akanyoosha kidole akaonyesha chini kabisa ya barua, pale penye nafasi.

“Nzuri hiyo. Iweke hapo, kabla ya kitufe.”

Nikaiweka.